Kibebe wa Kariba na Ziwa Jipya la Rufiji



Nimeombwa nizungumzie uvuvi wa michezo katika mabwawa ya kuzalisha umeme. Najua kwamba kwa wengi mliomo humu uvuvi ni jambo moja na michezo ni jambo jingine kabisa. Mvuvi wa kwetu huingia majini usiku wa manane kwa sababu ya ada ya mtoto na unga wa kesho. Mtu anayelipa nauli ya ndege, akakodi boti, akamvua samaki, akampima na kumrudisha majini, ni lazima aelezwe ndipo aeleweke. Nitajaribu kumweleza. Kisha nitawaomba mkubaliane nami kwamba mtu huyo anaweza kulifaa ziwa na watu wake, ila kwa sharti moja: apangiwe nafasi yake mapema, asiachiwe ajipangie.

Nasema mapema kwa sababu maji yameshaingia. Tarehe 22 Desemba 2022 maji ya mto Rufiji yalianza kujazwa nyuma ya ukuta wa Bwawa la Julius Nyerere, ukuta wenye kimo cha mita 131, na mitambo yake tisa imeundwa izalishe megawati 2,115. Nyuma ya ukuta huo pana ziwa ambalo babu zetu hawakulijua. Ziwa la namna hiyo huamuliwa mapema: litakuwa na samaki gani, nani atawavua, nani ataishia ufukweni akitazama boti za wenzake zikipita. Maamuzi hayo yakishafanyika huwa hayarudi nyuma kwa urahisi. Ushahidi wangu mkubwa nautoa Kariba, kwa kuwa Kariba imetutangulia kwa zaidi ya miaka sitini, na kwa kuwa kuna kitu chetu kule ambacho Watanzania wengi hawana habari nacho.

Ukuta wa Kariba ulijengwa kati ya 1955 na 1959 katika korongo la mto Zambezi, mpakani mwa nchi ambazo leo ni Zambia na Zimbabwe. Msanifu alikuwa Mfaransa, André Coyne, na wajenzi walikuwa Waitalia. Mafuriko makubwa ya 1957 na ya 1958 yalivamia kazi ikiwa katikati, na wafanyakazi zaidi ya themanini walipoteza maisha kabla ya ujenzi kwisha. Mto ulizibwa Desemba 1958. Kufikia 1963 ziwa lilikuwa limejaa, refu la kilomita zipatazo 280, na kwa wingi wa maji hakuna bwawa jingine duniani linalolishinda.

Chini ya maji hayo kuna mashamba. Watonga wapatao 57,000 walihamishwa kutoka kingo za Zambezi, mahali walipokuwa wakilima udongo mweusi ulioachwa na mafuriko ya kila mwaka, wakapelekwa juu kwenye ardhi ya mawe na mvua haba. Septemba 1958, katika eneo la Chifu Chipepo, watu waligoma kuondoka. Polisi walifyatua risasi na wanane wakafa. Wanaanthropolojia Elizabeth Colson na Thayer Scudder walianza kuwatembelea Watonga hao mwaka 1956, kabla maji hayajapanda, na wakaendelea kuwafuatilia kwa miongo mingi. Yeyote anayetaka kujua bwawa linamfanyia nini mtu aliyehamishwa, asome kazi zao. Nalitaja jambo hili mwanzoni kwa makusudi. Nimewasikia wavuvi wa michezo wakiizungumzia Kariba kana kwamba iliumbwa pamoja na milima. Iliumbwa na amri ya serikali, na watu waliilipia.

Sasa tuingie majini.

Ziwa jipya hulewa rutuba. Nyasi, vichaka na samadi ya wanyama vilivyozama huoza, maji hupata chakula, na samaki huongezeka kwa kasi inayomdanganya kila mtu. Kariba ilipitia hapo. Kabla ya kujaza, serikali zilisafisha sehemu kubwa ya msitu kando ya ziwa lijalo ili nyavu zisije kunasa kwenye miti. Kazi hiyo ilifanywa na matingatinga mawili mawili yakikokota mnyororo mnene wenye tufe kubwa la chuma katikati, na kila mti uliokuwa mbele ya mnyororo ukang'oka. Sehemu ambazo hazikusafishwa zimebaki na miti yake ya mopane imesimama majini mpaka leo, mikavu, migumu kama chuma, na minandi wakitua juu yake. Wavuvi wa mshipi huipenda sana miti hiyo, kwa kuwa perege hujificha kwenye shina na anayemla perege huja kumtafuta palepale. Miaka ya kwanza watu walivuna sana. Kisha rutuba ya mwanzo ikaisha, mavuno yakaporomoka, na wengi waliokopa fedha za mitumbwi wakabaki na madeni. Katika miaka hiyohiyo ya kwanza gugu la majini kutoka Amerika ya Kusini, salvinia, lilitanda hadi kufunika zaidi ya sehemu moja ya tano ya ziwa mwaka 1962. Lilipungua kadiri rutuba ilivyopungua, na baadaye panzi mdogo anayelila aliletwa kutoka huko lilikotoka.

Baada ya msukosuko huo wataalamu walitazama ziwa wakaona jambo la ajabu. Samaki wa Zambezi walikuwa samaki wa mto. Waling'ang'ania kingo, vijito na maji mafupi. Katikati ya ziwa, penye kina na uwazi, palikuwa karibu patupu. Vijidudu vya majini vilikuwapo, lakini hapakuwa na samaki wa kuvila. Ndipo wakakumbuka Ziwa Tanganyika.

Mwaka 1967 na 1968 dagaa wachanga walisafirishwa kwa ndege kutoka Tanganyika na kumwagwa Kariba. Ni dagaa yuleyule anayeanikwa mchangani Kigoma, wa aina ambayo kitaalamu huitwa Limnothrissa miodon. Zambia na Zimbabwe wanamwita kapenta. Hakuna aliyekuwa na uhakika kwamba angeishi. Ziwa Tanganyika lina umri wa mamilioni ya miaka na maji yake ni angavu, na Kariba ilikuwa bado inanuka miti iliyooza. Aliishi. Alienea ziwa zima, akakaa palepale katikati palipokuwa patupu. Alibadilika pia: Tanganyika dagaa huyu hufikia sentimita 17, na kule Kariba kwa kawaida ni mdogo mno kuliko hapo, anakomaa haraka na kufa mapema. Katika miaka ya 1970 uvuvi wa biashara ulianza, kwa taa na wavu wa kushusha na kuinua, njia ambayo wenye vipe wa Kigoma hawahitaji kufundishwa. Tangu hapo kapenta amekuwa kitoweo cha maskini kutoka Lusaka hadi Harare. Ameshapita hata ukutani: alipenya kwenye mitambo ya umeme ya Kariba, akateremka na mto, akalikuta ziwa jingine lililozaliwa Msumbiji baada ya Cahora Bassa kufungwa Desemba 1974, akalijaza nalo bila mtu kumpeleka.

Hicho ndicho kitu chetu kilichoko kule. Na hapo ndipo anapoingia samaki aliyenileta mbele yenu.

Waingereza walimpa jina la chui milia kwa sababu ya mistari myeusi ubavuni. Wavuvi wa Tanganyika humwita kibebe, nami nitatumia jina hilo. Mwili wake ni wa fedha, mapezi yana wekundu wa machungwa, mkia umegawanyika kama mkasi uliofunguliwa. Meno yake hayafichiki hata akiufunga mdomo. Ya juu hupita nje ya taya la chini na ya chini hupita nje ya taya la juu. Yakichakaa hung'oka, na mengine yameshajipanga ndani yanangoja zamu. Anaweza kummeza samaki anayekaribia nusu ya urefu wake. Mwaka 2014 watafiti wa Afrika Kusini walichapisha ushahidi kwamba katika bwawa la Schroda vibebe huruka kutoka majini na kuwadaka mbayuwayu angani. Wazee wa mito waliyasema hayo zamani, na kuna waliowacheka.

Kabla ya dagaa kufika, kibebe wa Kariba alikula alichokipata ukingoni. Baada ya dagaa kufika, alihamia katikati. Dagaa wakawa sehemu kubwa ya chakula chake, na kundi la vibebe likapata nguvu ambayo mto peke yake haukuweza kuipa. Kule Tanganyika wanaomfukuza dagaa ziwani ni migebuka na sangara, kibebe akibaki zaidi kwenye milango ya mito na kingo. Kariba haikuwa na migebuka wala sangara, kwa hiyo nafasi hiyo ilikuwa wazi na kibebe akaikalia. Mwaka 2001 alivuliwa Kariba kibebe mwenye uzito wa kilo 16.1, aliyeandikishwa kuwa mkubwa kuliko wote wa aina yake waliowahi kuvuliwa kwa mshipi. Ukimwona mvuvi wa michezo ameshika samaki wa namna hiyo pichani, nyuma yake kuna ndege iliyobeba ndoo za dagaa kutoka kwetu.

Kumvua ni kazi. Mdomo wake ni mfupa mtupu, na ndoano haipati nyama ya kuzama. Mshipi wa kawaida anaukata mara moja, kwa hiyo kati ya mshipi na ndoano hufungwa waya wa chuma. Wengine hutumia chambo bandia cha chuma kinachometameta kikivutwa. Wengine huchoma dagaa kadhaa kwenye ndoano moja na kuwaachia wazame taratibu bila chubwi. Akiuma, mshipi unatoka kwa mlio unaoshtua boti nzima, na sekunde chache baadaye yuko hewani, akitikisa kichwa kwa nguvu zake zote. Mara nyingi huo ndio mwisho wa habari: ndoano inamtoka na kurudi usoni kwa mvuvi. Katika kila vibebe kumi wanaouma, mvuvi mzuri huridhika akiwaingiza wachache botini. Mimi napenda uvuvi huu kwa moyo wangu wote, na sioni haya kusema hivyo mbele ya watu wanaovua ili wale. Humfundisha mtu kuyasoma maji. Lazima ujue upepo umewapeleka wapi dagaa, kijito gani kimeanza kutiririka, miti iliyozama imejipangaje pale usipoiona, mamba amezoea kulala wapi. Maarifa hayo ndiyo yaleyale ya mvuvi wa nyavu, yamefikiwa kwa njia nyingine.

Tangu 1962 Kariba, upande wa Zimbabwe, kumekuwa na mashindano makubwa ya kuvua kibebe, yanayofanyika Oktoba. Oktoba huko ni mwezi wa joto kali, mvua ikikaribia. Wakati wa baridi, yaani Juni na Julai, maji ya juu hupoa na kuchanganyika na ya chini, na rutuba iliyokuwa imekaa vilindini hupanda juu. Vijidudu huongezeka, dagaa hunenepa, na joto likirudi kibebe huwa na njaa na mbio. Timu hutoka nchi mbalimbali. Vyumba hujaa, mafundi wa injini hawalali, muuza barafu hana nafasi ya kula. Kwa mji mdogo uliojengwa kwa ajili ya ukuta, uvuvi wa michezo na boti za kulala ziwani vimekuwa uti wa mgongo wa utalii.

Lakini nani hasa anapata? Hapa sipendi kuwaficha. Upande wa kaskazini, miaka ya mwanzo, uvuvi uliwekwa kwa ajili ya Watonga peke yao ili uwe fidia ya mashamba waliyopoteza, na nadhani huo ulikuwa uamuzi wa haki kuliko mwingine wowote uliofanyika Kariba. Baadaye milango ikafunguliwa. Mitambo ya kapenta ilihitaji mtaji: chombo, jenereta, taa, chumvi, gari la kupelekea sokoni. Ikaangukia kwa wenye mitaji, na Mtonga akaingia humo kama kibarua. Uvuvi wa michezo ulifuata njia hiyohiyo. Boti ni ya mgeni, nyumba ya wageni ni ya mgeni, na mwenyeji anajua kila mwamba lakini analipwa kwa siku. Hakuna mtu aliyekaa akapanga kumnyima. Ilitokea tu, kwa kuwa hakuna aliyepanga kumpa.

Kuna mwenye ziwa mwingine ambaye wavuvi wa aina zote humsahau, naye ni umeme. Bwawa la umeme ni ghala la maji kwanza, ziwa baadaye. Kariba imeundwa ifanye kazi kati ya mita 475.5 na mita 488.5 juu ya usawa wa bahari. Mita hizo 13 ndizo zinazogawanya mwaka mwema na mwaka mbaya. Novemba 2022 maji yanayoweza kutumika kwa umeme yalishuka chini ya asilimia 5, na mamlaka ya mto Zambezi ikaiamuru Zimbabwe isimamishe uzalishaji katika kituo chake cha kusini. Ukame wa 2024 uliirudisha hali hiyohiyo. Magazeti yaliandika juu ya giza mijini, na ndivyo ilivyopaswa. Lakini fikirini kinachotokea ukingoni. Perege huchimba kiota chake kwenye maji mafupi. Maji yakishuka kwa kasi wakati wa kutaga, kiota hubaki nchi kavu. Yakishuka polepole, nyasi huota kwenye tope lililoachwa wazi, nyati wa hifadhi ya Matusadona hushuka kulisha, na maji yakirudi nyasi na samadi hiyo huwa karamu ya samaki wachanga. Kwa hiyo kushuka kwa maji kwenyewe si ubaya. Kinachoua ni kasi yake na msimu wake. Mhandisi anayefungua lango anaweza, bila kupunguza megawati nyingi, kuchagua wiki. Ni lazima tu awepo mtu wa kumwambia.

Bwawa la Mtera linatufundisha jambo hilo nyumbani, nanyi wavuvi mliotoka huko mtanisahihisha. Bwawa lile lilimalizika mwaka 1980 kwenye Ruaha Mkuu, mpakani mwa Iringa na Dodoma, kwanza likiwa ghala la maji kwa ajili ya kituo cha umeme cha Kidatu, na mitambo yake yenyewe ya megawati 80 ikafuata mwaka 1988. Ujazo wake wote wa matumizi uko kati ya mita 690 na mita 698.5. Ni bwawa pana na lisilo na kina, kwa hiyo likipungua mita chache tu ufukwe hukimbia mbali. Wavuvi walihamia kutoka kila pembe ya nchi wakajenga maisha, na kila mgawo wa umeme wa miaka ya 1990 ulikuwa kwao pia mgawo wa samaki. Umeme wa Mtera unahesabiwa kila saa. Nani amewahi kuona samaki wa Mtera wakizingatiwa katika ratiba ya kufungua maji?

Basi turudi Rufiji.

Ziwa jipya limo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyotengwa mwaka 2019 kutoka Pori la Akiba la Selous. Hakuna vijiji vilivyozama kama vya Watonga, na kwa hilo tumshukuru Mungu. Lakini mto huo una kibebe wake. Hydrocynus tanzaniae, kibebe wa Rufiji na Ruvu, alitambuliwa kisayansi kuwa aina ya pekee mwaka 1986. Yule wa Kariba anapatikana katika mito mingi ya Afrika, kutoka Senegali hadi Limpopo. Huyu ni wa kwetu. Tayari wavuvi wa michezo huvuka mabara kumfuata katika Mnyera na Ruhuji, mito inayoingia mto Kilombero, wakimvua kwa mshipi mwepesi na kumwachia. Sasa ana ziwa zima mbele yake, na ziwa lenyewe halina dagaa.

Najua kitakachosemwa. Atasimama mtu mwenye nia njema aseme: Kariba walileta dagaa wa Kigoma, wakapata chakula na vibebe wa kilo kumi na sita, nasi tulete. Naomba niwe wa kwanza kusema hapana. Kariba ilikuwa imejaribu jambo lisilojulikana, ikabahatika. Dagaa aliyepita mitambo ya Kariba alifika Cahora Bassa. Dagaa atakayepita mitambo ya Nyerere atafika kwenye mabwawa ya asili ya Rufiji ya chini, yanayolisha watu wa Utete na vijiji vyake kila mafuriko yanapopita, na hakuna wavu utakaomtoa humo. Kariba hiyohiyo inatupa mfano wa pili usio na bahati. Sato wa Mto Nile, aliyefugwa kwenye vizimba na mabwawa kando ya ziwa, alitoroka. Akamzidi nguvu perege wa asili wa Zambezi ya kati, na leo perege huyo anahesabiwa miongoni mwa samaki walio hatarini kutoweka. Rufiji ina perege wake wa asili. Mtu atakayeleta ndoo ya vifaranga vya sato kwenye ziwa hili, hata kama amevinunua kwa fedha zake na kwa mapenzi yake, atakuwa amefanya uamuzi kwa niaba ya wajukuu wa watu wote wa bonde.

Ombi langu jingine linahusu milango ya mito. Kibebe hatagi popote. Mvua za kwanza zikianza hupanda mito kutaga, na jike kubwa hubeba mayai malaki. Ziwa liwe kubwa namna gani, bila mto unaotiririka huru halimzalishi. Kule Kariba nguvu ya vibebe imeshikiliwa na mito kama Sanyati inayoingia ziwani, na siku zote mlango wa mto ndipo mahali rahisi pa kuwamaliza, maana hukusanyika hapo wakingoja maji. Mvuvi wa nyavu za makila anajua, na mvuvi wa michezo anajua vilevile. Milango ya mito inayoingia ziwa la Nyerere ifungwe kwa wote msimu wa kutaga: nyavu, mshipi, mgeni mwenye dola na mkubwa mwenye kibali. Bila usawa huo katazo halitaheshimiwa, na wala halitastahili heshima. Samaki wengine tumeshawapoteza bila kuulizwa. Mkunga wa maji baridi, anayezaliwa Bahari ya Hindi na kupanda mito akiwa mdogo kama sindano, amekuta ukuta wa mita 131 mbele yake.

Kuhusu kumwachia samaki, wapo wanaodhani kwamba akirudi majini basi amepona. Kibebe hupigana hadi nguvu zimwishie kabisa, na maji ya joto yana hewa kidogo. Akishikwa juu dakika tatu za picha, anaweza kuondoka akiogelea na kufa usiku mbali na macho ya aliyemwachia. Tunajua la kufanya: mshipi wenye nguvu ili pambano liwe fupi, ndoano iliyobanwa jino lake la ndani ili itoke kwa urahisi, samaki abaki majini wakati wa kupimwa, apimwe urefu badala ya kuning'inizwa kwenye mizani. Mashindano yakija kwetu, yaandikwe hivyo tangu siku ya kwanza. Na kipimo hicho cha urefu kisipotee. Kila mgeni anapoandika urefu, mahali na tarehe, ziwa linapata rekodi ambayo idara ya uvuvi ingeigharamia kwa shida. Hapo ndipo mvuvi wa michezo anapokuwa jicho la ziwa. Huona mabadiliko mapema kwa sababu anamtafuta samaki mkubwa, na samaki mkubwa ndiye wa kwanza kutoweka.

Sheria zetu za uvuvi zinatambua leseni ya uvuvi wa michezo, na hifadhi zetu zina uzoefu: Rubondo, ndani ya Ziwa Victoria, wageni wamevua sangara kwa miaka mingi. Kwa hiyo hatuanzi na karatasi tupu. Ninachoomba kiongezwe ni watu. Waongoza boti wa ziwa hili watoke Mloka, Kisaki, Utete na Malinyi. Wapewe mafunzo na leseni ya kazi kwa majina yao wenyewe, na sehemu ya ada ya kila mgeni iende kwenye vijiji vinavyopakana na hifadhi na vya Rufiji ya chini, ikisomwa hadharani kwenye mkutano wa kijiji. Wa chini nawataja kwa msisitizo. Wao hawatavua ziwani, lakini mafuriko yaliyokuwa yakijaza mabwawa yao sasa yana mlinzi mwenye ufunguo. Wakati wa kupanga ratiba ya maji, katika chumba kilekile anachokaa mhandisi wa umeme, awekewe kiti mtu mmoja wa uvuvi, na kingine mtu wa Rufiji ya chini. Viti viwili. Havipunguzi hata megawati moja.

Na kazi ya kuhesabu ianze sasa. Katika miaka hii ya rutuba ya mwanzo samaki watakuwa wengi, na kila anayetupa ndoano atadhani ni desturi ya ziwa. Tukikosa vipimo vya sasa, mavuno yatakapoporomoka hatutajua kama ni ziwa limetulia au ni sisi tumelimaliza. Vyuo vyetu vina wanafunzi wanaotafuta mada za utafiti, na baadhi yao wameketi safu ya nyuma pale. Mzani, rula, daftari na mtumbwi vinatosha kwa mwaka wa kwanza.

Nakomea hapo, Mwenyekiti. Naomba maswali yaanzie kwa wavuvi wa Mtera, na kama wana la kunipinga kuhusu ratiba ya maji, walitangulize hilo.